Chupa za Mbavu za Buguruni

Projestus Kamugisha alikuwa na vidole vya buluu. Mwenye nyumba wetu pale Temeke, Bi Mwajabu, aliamini kwamba jirani yangu anafua mashati yake kwa nili nyingi kupita kiasi, na zaidi ya mara moja alimwambia, kwa huruma, kwamba mwanamume asiye na mke karibu angempa mtu mwingine afue. Projestus hakumsahihisha. Aliwahi kuniambia kwamba kueleza kazi yake kulimchosha kuliko kuifanya.

Mwaka ule, 1952, chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa udongo usiofika juu. Nilimsikia akiamka na kukohoa, kisha akisali Kihaya kwa sauti ya chini. Saa kumi na mbili na nusu aliondoka kwenda mjini, kwenye ghala la dawa la serikali, na huko alikuwa na chumba chake peke yake, jiko la mafuta, masufuria manne na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba dawa na vyombo vya tiba vilivyoshushwa bandarini havitamdhuru mtu. Vichupa vya sindano vilivyozibwa kwa moto alivitumbukiza katika maji ya rangi ya buluu na kuvipasha moto. Chenye ufa usioonekana kilinywa rangi, nacho alikivunja. Bomba la sindano aliliziba mdomo kwa kidole na kuvuta mpini: ukirudi wenyewe kwa nguvu, bomba ni zima; ukizubaa, linavuja. Ncha za sindano alizipitisha juu ya pamba, na iliyoondoka na uzi mmoja wa pamba haikwenda hospitali.

Nimewaona wakaguzi wengi katika bandari hizi. Wa karafuu kule Unguja hualikwa harusi zote, kwa sababu neno lake zuri hupandisha thamani ya gunia. Wa pamba naye ana watu wake. Lakini mkaguzi wa dawa hana neno zuri la kumpa mtu. Akisema "ni salama," amesema tu kwamba kitu kiko kama kilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna linalotokea, na hakuna mtu anayemshukuru mwenzake kwa jambo ambalo halikutokea.

Pamoja na ghala, alipewa maduka ya pembezoni: Temeke, Buguruni, hadi Gongo la Mboto. Kila mwezi alipaswa kupita kwa miguu au kwa baiskeli ya serikali, aangalie dawa ndogondogo zinazoruhusiwa kuuzwa dukani, na kutia sahihi katika daftari la mwenye duka. Ndiyo sababu mtaani kwetu alipopita watu walificha vitu. Nilisikia mwenyewe mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kisimani, "Funika, funika, Bwana Dawa huyo!" Na alichofunika kilikuwa ndoo ya maji.

"Wanadhani nitayamwaga," Projestus aliniambia jioni ile, akakaribia kucheka.

Mkewe, Auleria, alikuwa kwao Kamachumu na shamba la migomba. Alikuja Dar es Salaam mara moja, mwaka 1946, akakaa miezi miwili, akasema joto la huku ni la kupikia si la kuishi, akarudi. Barua zake zilifika kila baada ya miezi mitatu. Kila moja ilikuwa na kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ambazo Wahaya humpa mgeni kabla ya maneno. Projestus alitembea nazo mfukoni. Alimpa kila mtu aliyekaa naye, lakini yeye mwenyewe hakupokea kitu kwa mtu: amri ya ofisi ilisema mkaguzi asile wala asinywe cha mwenye duka. Katika pwani hii, mtu akikwambia karibu, unaonja hata tonge moja. Asiyeonja ana neno moyoni. Na anayetoa buni asizozijua mtu, kisha yeye akakataa maji, huyo watu humtazama mara mbili.

Palikuwa na nyumba moja tu iliyopata njia ya kumkaribisha. Zahor bin Muhsin alikuwa na duka Buguruni, karibu na njia panda, duka la kanga, tende, mafuta ya taa na rafu moja ya dawa. Babu yake alitoka Oman. Yeye alizaliwa Buguruni na hakuwahi kutaka kwenda kwingine. Siku ya kwanza Projestus alipokataa kahawa, Zahor alifikiri kidogo, akaita uani, "Zubeida! Hii kahawa imepikwa na nani?"

"Na mie," mkewe akajibu.

"Kwa kuni za nani?"

"Za kwangu, nimenunua mwenyewe. Kwani kuna nini?"

"Basi, Bwana Mkaguzi," Zahor akasema, "hii si kahawa ya duka. Ni kahawa ya nyumba. Amri yenu imeitaja nyumba?"

Haikuitaja. Kuanzia hapo, miaka sita, kila Jumamosi baada ya kazi, Projestus alikwenda Buguruni akakaa kwenye kiti cha mgeni, ubavuni mwa rafu ya dawa. Bi Zubeida alimwita shemeji. Zahor alimtania: "Leo umekula panzi wangapi, Mhaya wangu?" Naye alijibu, "Anayekula pweza asimcheke mla senene. Senene ana miguu sita, wako ana minane." Alizungumza pale zaidi ya alivyozungumza wiki nzima. Nilikwenda naye mara mbili na sikumtambua. Alikuwa mtu mwenye sauti.

Sasa, kuna chupa za aina moja ambazo lazima nizieleze. Dawa zisizonywewa, kama dawa ya kuchua, Waingereza huzitia katika chupa ya buluu yenye mbavu, yaani mistari iliyoinuka ubavuni. Mbavu zile ni onyo. Mtu akiamka gizani na kupapasa, vidole vinamwambia: hii si ya kunywa. Ni akili nzuri, ila onyo ni lazima lijulikane ndipo liwe onyo. Buguruni hakuna aliyeambiwa. Huko wanawake waliona chupa nzuri kuliko zote dukani, yenye rangi ya vito na ya kushikika, wakaipenda.

Projestus aliligundua jambo hili Jumamosi moja adhuhuri, aliporudi Temeke kubadilisha shati kabla ya kwenda kwa Zahor. Uani kwetu palikuwa na harusi ya mpwa wa Bi Mwajabu. Bi Mwajabu alikuwa akizunguka kuwanyunyizia wageni marashi, na marashi yalikuwa katika chupa ya mbavu.

"Bi Mwajabu, shikamoo. Chupa hiyo umeipata wapi?"

"Marahaba. Nimetunzwa. Bi Zubeida wa Buguruni huwapa maharusi wote mwezi huu, zimekuwa ndiyo mtindo. Kwani na harusi nayo unaikagua?"

Wageni wakacheka. Projestus hakucheka. "Ilikuwa na nini?"

"Marashi! Pua huna?"

"Kabla ya marashi."

"Kabla ya marashi haikuwa yangu, baba. Kamuulize aliyenipa."

Alisimama na shati mkononi. Niliona alivyokuwa akiwaza, kwa sababu aliliwaza kwa sauti: "Kama chupa zimekwenda kwa maharusi, dawa imekwenda wapi?" Akaniomba tufuatane. Baiskeli ya serikali ilikuwa na matairi mabovu, tukaenda kwa miguu, naye akatembea kwa kasi.

Zahor alikuwa anakunja kanga. "Panzi wamekuchelewesha leo!"

"Dawa ya kuchua iko wapi?"

"Rafuni, mbele ya macho yako. Kaa kwanza."

Hakukaa. Alizunguka meza, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akasimama mbele ya rafu. Dawa ya kuchua ilikuwamo katika chupa za sharubati zilizooshwa vizuri, kumi, na kando yake, katika chupa za sharubati zilezile, ilikuwapo dawa ya tumbo ya watoto wachanga. Kila chupa ilikuwa na karatasi ya maandishi ya Zahor, hati nzuri ya Kiarabu, iliyogandishwa kwa uji wa ngano. Mende wanaupenda uji wa ngano. Karatasi tatu zilikuwa zimelala juu ya ubao, na chupa zake hazikuwa na jina.

Projestus alifungua moja akanusa, akaninusisha na mimi. Ilinukia tamu, kama peremende.

"Kijiko kimoja cha hii," akasema, "mtoto mchanga haoni asubuhi."

Bi Zubeida alikuwa mlangoni pa uani na sinia. Akaliweka chini taratibu. "Shemeji, mie ndiye niliyezimimina. Chupa zilikuwa nzuri mno kuziacha ziende na dawa. Nikasema kila bi harusi awe na yake."

"Zimeuzwa ngapi?"

Zahor alihesabu kwa macho. Kasha lilikuwa na kumi na mbili, lilifika wiki tatu zilizopita. Moja alimuuzia Tabu, mpika vitumbua wa nyuma ya soko. Ya pili aliiuza Bi Zubeida, Zahor alipokuwa msikitini, kwa mtu mwenye baiskeli asiyemfahamu.

Tulikwenda kwa Tabu sote wanne, Bi Zubeida akijifunga buibui njiani. Tabu alikuwa amekaa na mjukuu mapajani. Chupa ilikuwa dirishani, na kando yake ilikuwapo chupa ya dawa ya tumbo. Hazikuwa na karatasi.

"Ipi ya mtoto?" Projestus akauliza.

Tabu akazitazama. Akanusa moja, akanusa ya pili. "Hii," akasema, akainua dawa ya kuchua. "Ya mtoto ndiyo hunukia tamu." Kisha akatuona nyuso zetu. "Sijampa! Hajaumwa tumbo tangu mwezi uandame, wallahi sijampa!"

Projestus aliitwaa chupa kwa mikono miwili. Ilibaki moja.

Tulirudi dukani. Alasiri ilikuwa inaelekea mwisho. Zahor alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nisikilize. Rafu nitaisafisha sasa hivi. Hizi zote chukua. Huyo mwenye baiskeli nitamtafuta mwenyewe, mtu kwa mtu, kimya kimya. Nipe mpaka Jumatatu."

"Na mtoto wake akiumwa tumbo leo?"

"Hujui kama ana mtoto."

"Sijui. Ndiyo maana."

"Ukilipeleka jambo hili kwa jumbe, itapigwa mbiu. Jina la duka hili litatangazwa njia nzima. Baba yangu aliuza hapa miaka arobaini, hakuna aliyesema Muhsin amempa mtu sumu. Jumatatu tu, Projestus. Siku moja na nusu."

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita kwa jina bila utani. Projestus alitia mkono mfukoni, akatoa buni za Auleria, akazitazama kama mtu aliyesahau ni za nini, akazirudisha.

"Nisamehe," akasema. "Mtoto hangoji Jumatatu."

Jumbe wa pale alikuwa mtu wa haraka na alielewa upesi. Projestus alimwomba mbiu ipigwe bila kutaja duka. Jumbe akamwuliza, "Nitangaze nini basi? Kila mwenye chupa ya sharubati aimwage? Buguruni nzima watamwaga sharubati, na huyo wako hatajua kwamba anaambiwa yeye. Duka la nani?"

Jumbe akarudia swali. Ndipo Projestus akalitaja.

Mpiga mbiu alizunguka kabla ya magharibi, kutoka njia panda hadi mwanzo wa njia ya Pugu, na pembe yake: aliyenunua dawa ya kuchua duka la Zahor bin Muhsin, katika chupa ya sharubati, airudishe kwa jumbe, ni sumu kwa mtoto. Tulimsikia akienda mbali, kila mara jina lilelile. Projestus alilala kwenye ukumbi wa jumbe akingoja.

Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, alikuja mtu na baiskeli yenye magunia ya mkaa, jina lake Albano. Chupa alikuwa ameifunga kiunoni kwa kamba. Ilikuwa nusu.

"Nimeambiwa nichue goti, nami nachua goti," akasema. "Sumu gani tena?"

"Una watoto nyumbani?" Projestus akauliza.

"Naishi peke yangu. Sina hata paka, mzee."

Basi likawa hivyo. Hakuna aliyekunywa. Hakuna aliyeumwa. Jumatatu jioni Buguruni yote walijua kwamba chupa ya pili ilikuwa kwa mchoma mkaa asiye na mtoto, na kwamba kungoja mpaka Jumatatu kusingemdhuru mtu. Watu walianza kumsikitikia Zahor. Lakini dawa zake, na hata tende zake, waliacha kununua.

Projestus aliandika taarifa yake chumbani, nami nikamsikia akiisoma kwa sauti, maana alitaka iwe sawa. Aliandika kuhusu chupa, karatasi na mende. Aliandika kwamba watu wa maduka yale hawajaambiwa kamwe maana ya mbavu, na hilo ni kosa la idara. Mwisho aliandika sentensi iliyomchukua muda mrefu: kwamba mkaguzi, yaani yeye, kwa miaka sita alitia sahihi daftari la duka lile akiwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, akiuliza "Salama?" na kujibiwa "Salama," bila kuinuka kutazama rafu, na kwamba alistahili kuadhibiwa pamoja na mwenye duka.

Bwana mkubwa wake aliisoma akiwa amesimama. Akachukua penseli nyekundu akaikata sentensi ile ya mwisho. "Hii haihusu," akamwambia. Sehemu ya kosa la idara nayo akaikata. Kilichobaki kilikuwa Zahor peke yake. Kabla mwezi haujaisha, akanyang'anywa ruhusa ya kuuza dawa, na cheti chake kilichokuwa ukutani tangu enzi za baba yake kikachukuliwa na askari mwenye kaptura.

Wiki nne Projestus hakwenda Buguruni. Jumamosi alikaa chumbani. Mara moja nilimwalika tukale. Alikuja, alikula vizuri, akashukuru, akarudi chumbani. Wiki ya tano alivaa shati safi, akanigongea.

"Nataka ajue kwamba niliandika jina langu pia," akasema. "Asidhani nilimwandika yeye tu."

Tulikwenda. Rafu ya dawa ilikuwa imejazwa vibiriti na sabuni. Kiti cha mgeni hakikuwapo mahali pake, na mahali pale paliwekwa mzigo wa kanga mpya. Zahor alikuwa anampimia mteja kitambaa kwa dhiraa, hakuacha kupima.

"Salaam aleikum," Projestus akasema.

"Waaleikum salaam." Kitambaa kikapita mkononi. "Hizi kanga zimefika jana. Umekuja kuzikagua?"

"Hapana, ndugu yangu. Niliandika katika taarifa—"

"Dawa sina. Askari wenu alichukua mpaka pamba."

"Najua. Nilitaka kukwambia kwamba na mimi nilijiandika. Wakakata."

"Wakakata," Zahor akarudia, akapasua kitambaa kwa mvuto mmoja, akamkunjia mteja, akapokea, akamshukuru. Mteja alipoondoka ndipo akamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa mtu aliyechoka. "Basi nenda kawaambie waliokata. Hapa huna kazi tena, Bwana Mkaguzi."

"Sikuja kwa kazi."

"Miaka sita," Zahor akasema, "nami nilikuwa nikidhani hivyohivyo."

Nilisikia nyayo za Bi Zubeida uani zikija mpaka nyuma ya pazia, zikasimama pale. Pazia halikufunguka. Projestus alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyepitisha kidole kwenye kioo na bado hajajua kama kina ufa. Kisha akaaga. Zahor akajibu, "Kwaheri," akageukia kanga zake.

Tulifika Temeke saa kumi, jua likiwa bado juu, na uani Bi Mwajabu alikuwa anapeta mchele. "Leo mmewahi!" akasema. Projestus akamwambia ndiyo, leo tumewahi. Aliingia ndani, akatoka na karai, akachota maji, akaanza kulifua lile shati safi alilolivaa mchana. Alilisugua kola muda mrefu. Bi Mwajabu alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye ungo wake.